Kifafa na Ukimya Unaokifuata

Watu wa mwambao wana majina mawili ya maradhi yamtupayo mtu chini. La kwanza ni degedege, na ndani yake yumo dege, ndege mkubwa wa usiku ambaye wazee walisema hupita juu ya paa la nyumba yenye mtoto mwenye homa. La pili ni kifafa, na sikio lililozoea lugha husikia humo kitenzi kufa kikirudiwa, kana kwamba mgonjwa hufa kidogo, akarejea, kisha akafa tena. Kwa Kiarabu ni sara', yaani kuangushwa, na Ibn Sina katika Qanun yake aliyaweka maradhi hayo pamoja na maradhi mengine ya kichwa. Majina yote matatu yanasimulia kishindo. Hakuna hata moja linalosimulia yale yanayofuata: mtu anapoinuka na vumbi mgongoni, ulimi umejeruhiwa na meno, macho hayataki kukutana na ya wengine, na baada ya hapo siku, majuma, hata miaka ya kukaa kimya pembeni. Kwa ukimya huo lugha haikutunga jina, na tiba nayo ilichelewa sana kuutazama.

Habari ya degedege inajulikana zaidi pwani, kwa hiyo na ipitwe upesi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 kutoka Wilaya ya Bagamoyo ulionyesha kwamba wazazi wengi walilihesabu degedege kuwa jambo lililo mbali na malaria, nao wakaanzia kwa mganga kabla ya kufika zahanati. Huko Kilifi, watafiti waliowafuatilia watoto walionusurika malaria ya ubongo waliona kwamba baadhi yao huja kushikwa na kifafa miaka michache baadaye. Dege na kifafa, basi, ni ndugu wa damu.

Kifafa chenyewe kiliandikiwa historia yake ya kwanza ya kitabibu katika Tanganyika si pwani bali milimani, huko Mahenge. Mwaka 1960 daktari kijana mzaliwa wa Norwei, Louise Aall, aliyekuja kujulikana kama Dk. Jilek-Aall, alifungua kliniki ya wagonjwa wa kifafa miongoni mwa Wapogoro. Aliwakuta watu waliolala peke yao na kula katika vyombo vyao peke yao, kwa kuwa jamaa zao waliogopa kwamba mate ya mgonjwa huambukiza. Wengi walikuwa na makovu ya moto, maana anguko halichagui mahali, na jikoni la mafiga matatu halina huruma. Alichokuwa nacho mkononi kilikuwa ni fenobabitali, dawa ambayo daktari Mjerumani Alfred Hauptmann aliigundulia kazi hiyo mwaka 1912. Ilikuwa rahisi kwa bei, na ilifanya kazi. Watu walioanguka kila juma wakawa wanaanguka mara chache, na wengine wakaacha kabisa. Katika makala yake ya mwaka 1965 alieleza pia juu ya watoto waliokuwa wakiinamisha vichwa kwa mkupuo kama wasinziao, maradhi ambayo miaka mingi baadaye yalikuja kuzungumzwa sana Uganda na Sudan Kusini, na ambayo leo wataalamu wanayahusisha na usubi na minyoo wanaoenezwa na mdudu huyo.

Miaka 30 baadaye yeye na Dk. H. T. Rwiza walifuatilia hatima ya wagonjwa 164 wa kliniki ile. Takriban theluthi mbili walikuwa wamekwisha fariki, na wengi miongoni mwao walikufa kwa kifafa chenyewe: kwa kuzama majini, kwa moto, kwa mishtuko mfululizo isiyokatika. Mwaka huohuo wa 1992 Dk. Rwiza na wenzake walichapisha hesabu ya Wilaya ya Ulanga, waliyoipata kwa kupita nyumba hadi nyumba: watu kama 10 katika kila 1,000 walikuwa na kifafa. Hesabu hizo ni za maanguko na vifo. Ukimya haumo. Pale ulipotajwa, ulielezwa kwa kutengwa: mtu asiyeoa wala kuolewa, asiyepelekwa shule, asiyegawiwa kikombe, atachekaje? Maelezo hayo ni ya kweli, lakini ni nusu ya kweli.

Nusu ya pili inahitaji safari ya kwenda mbali zaidi upande wa kusini-magharibi, mpakani mwa Zambia. Mkoa wa Songwe ni mchanga; ulikatwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, makao makuu yake yakawekwa Vwawa. Lakini nchi yenyewe ni ya kale: ni nchi ya Wanyiha na Wanyamwanga, ya kahawa ya Mbozi, ya kimondo kikubwa cha chuma cha Mlima Marengi ambacho wageni walikiandika mwaka 1930 ilhali wenyeji walikuwa wakikijua tangu zamani. Wamisheni wa Kimoravian walijenga Mbozi mwaka 1899. Reli ya TAZARA iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970 ilipita hapo, na barabara kuu nayo, hata Tunduma, uliokuwa mji mdogo wa mpakani ukitazamana na Nakonde ya upande wa pili, ukageuka mlango wa malori yaendayo Zambia na Kongo. Na katika vijiji vya nchi hiyo, pamoja na mahindi na kahawa, wapo nguruwe. Nguruwe wa Mbozi ni benki ya mtu maskini: huuzwa ada ya shule inapodaiwa, hupakiwa katika magari, na wengine huishia katika vibanda vya kitimoto vya Dar es Salaam.

Nguruwe aachwaye azurure hula anachokikuta, na pasipokuwa na choo hukuta kinyesi cha binadamu. Kama binadamu huyo ana tegu tumboni, kinyesi kina mayai, na mayai huwa vifuko vidogo vyeupe katika nyama ya nguruwe. Alaye nyama hiyo bila kuiva vizuri hupata tegu lenye urefu wa mita mbili au tatu, linaloweza kukaa naye miaka bila maumivu yoyote. Hilo lilithibitishwa kwa njia ya kutisha mwaka 1855, pale daktari Friedrich Küchenmeister wa Ujerumani alipomlisha kwa siri vifuko hivyo mfungwa aliyehukumiwa kifo, kisha akapasua maiti yake na kuyakuta mategu machanga. Ushahidi ulipatikana, adabu ya utabibu haikuonekana siku ile.

Lakini kinachohusu kifafa si kula nyama. Kinachohusu kifafa ni kumeza yai. Yai la tegu likiingia katika kinywa cha binadamu kutoka katika mikono michafu, maji, au mboga mbichi, humfanyia kama linavyomfanyia nguruwe: kiumbe kilichomo hutoboa utumbo, huingia katika damu, na mara nyingi hupenda kutua katika ubongo. Jeshi la Uingereza lilijifunza hilo kwa askari wake waliorudi kutoka India. Ripoti ya mwaka 1961 ilihesabu wagonjwa 450, wengi wao walioanza kuanguka kifafa miaka kadhaa baada ya kurudi kwao. Na msomaji wa visiwani asiyegusa nyama hiyo asidhani kwamba habari hii ni ya wengine. Mwaka 1992 madaktari wa New York waliandika juu ya Wayahudi wanne washika-dini, watu wasiojua ladha ya nguruwe maishani mwao, waliokutwa na vifuko vya tegu ubongoni. Chanzo kilitafutwa hadi kikaonekana: wafanyakazi wa ndani waliotoka nchi ambako tegu limeenea, waliobeba minyoo bila kujua na kuandaa chakula cha familia. Nguruwe hakuwamo kabisa nyumbani mwao, yai lilitosha.

Ukubwa wa jambo hili Mbozi ulipimwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013. Watu 830 walipimwa. Katika damu ya 139 kati yao, sawa na asilimia 16.7, ulikutwa ushahidi wa vifuko vilivyo hai mwilini. Na 376, yaani asilimia 45.3, walikuwa na alama za kinga zinazoonyesha kwamba mwili ulikwisha kutana na yai hilo. Si kila mwenye kifuko ana kifafa, hilo lisemwe wazi. Lakini upande wa kaskazini, katika Hospitali ya Haydom, wagonjwa 212 wa kifafa walipopigwa picha za CT, 38 walikutwa na alama za tegu ubongoni. Kifafa hicho ni cha kuzuilika. Hakikutoka kwa mizimu wala katika ukoo; kilitoka katika ukosefu wa choo.

Kifuko kilicho hai kina hila. Hujificha, na kinga ya mwili hupita kando yake bila kukiona. Kinapoanza kufa ndipo ubongo unapokasirika: huvimba, huwaka, na mgonjwa huanguka. Baadaye hubaki chembe ngumu kama ya chokaa, na pembeni mwake kovu linaloweza kuwasha moto tena baada ya miaka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town wameonyesha kwamba viluwiluwi vya tegu vina glutameti, kemikali ileile ambayo seli za ubongo huitumia kuamshana. Na madaktari wa Brazili wamewaona wagonjwa wenye makovu ya tegu ambao pia wana hipokampasi iliyosinyaa, sehemu ya ndani ya ubongo inayotunza kumbukumbu na kushiriki katika hisia. Hapo ndipo habari ya tegu na habari ya huzuni zinapokutana.

Ubongo una vichocheo na una breki. Miongoni mwa kemikali zinazotuliza mashua hiyo isipinduke ni serotonini. Historia ya kugunduliwa kwake itawapendeza watu wa bahari. Mnamo miaka ya 1930 Mwitaliano Vittorio Erspamer aliikuta katika utumbo, ambako sehemu kubwa ya serotonini ya mwili hukaa hadi leo. Mwaka 1948 Maurice Rapport, Arda Green na Irvine Page waliitoa katika damu huko Cleveland, Marekani, wakaipa jina kwa sababu ilikaza mishipa. Hakuna aliyefikiria ubongo. Aliyefikiria alikuwa Betty Twarog, mwanafunzi aliyekuwa akichunguza kome, yule wa kushikamana na miamba wakati wa maji kupwa. Kome akifunga magamba yake huweza kuyashikilia saa nyingi bila kuchoka, na Twarog alitaka kujua ni kitu gani kinachouambia msuli huo uachie. Jibu lilikuwa serotonini. Akajiuliza kama kitu kinachofanya kazi katika neva za kome hakiwezi kuwamo katika neva za wanyama wengine, akaitafuta, na mwaka 1953 yeye na Page wakatangaza kwamba imo katika ubongo. Miaka minne baadaye Tag Mansour, mzaliwa wa Misri, alionyesha kwamba serotonini huwafanya minyoo bapa wa ini wajinyonge-nyonge kwa nguvu. Minyoo hao ni wa kundi kubwa moja na tegu. Kemikali moja, basi, humwachisha kome mwamba, humchezesha mnyoo, na humtuliza binadamu.

Humtuliza kwa njia ya vipokezi, ambavyo ni kama makufuli juu ya seli, kila kimoja kikiitikia ufunguo kwa namna yake. Serotonini ina aina zipatazo 14 za makufuli hayo. Kile kiitwacho 1A, kikifunguliwa, huinyamazisha seli. Kile cha 2C kilijulikana umuhimu wake mwaka 1995, pale panya waliozalishwa bila kipokezi hicho walipoanza kuanguka kifafa na kufa. Kwa hiyo vipokezi ni sehemu ya ukuta unaozuia dhoruba. Na dhoruba nayo huupiga ukuta. Mshtuko wa kifafa humwaga serotonini kwa wingi kwa muda mfupi. Lakini mishtuko ikirudi miezi na miaka, picha za ubongo zinaonyesha jambo jingine. Tangu mwaka 2003 watafiti wa Bethesda, Marekani, na wengine wa Ulaya wamewapiga picha wagonjwa wa kifafa kinachoanzia pembeni mwa ubongo, karibu na hipokampasi, wakitumia dawa yenye mnururisho hafifu inayoshika vipokezi vya 1A. Upande unakoanzia kifafa, vipokezi vinavyoshika dawa hiyo vilipungua. Na mwaka 2007 ikaonekana kwamba kwa wagonjwa waliokuwa pia na sonona, upungufu ulikuwa mkubwa zaidi.

Haya yanabadilisha hukumu. Mgonjwa anayekaa kimya pembeni mwa kiwanja cha nyumba huko Mbozi, anayeambiwa kwamba amejikatia tamaa, kwamba ana kiburi, kwamba amelogwa asipende watu, huenda amepungukiwa na kitu kilekile ambacho kingemwezesha kupenda watu. Aibu na kutengwa vipo, na vinauma. Lakini hata angeishi katika nyumba yenye upendo mwingi, ubongo uliopigwa na dhoruba miaka 10 si ubongo uleule. Tena huzuni mara nyingine hutangulia: utafiti wa Iceland uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba watu waliowahi kuwa na sonona kubwa walikuwa katika hatari zaidi ya kuja kupata kifafa. Kama mmoja angekuwa mtoto wa mwingine tu, mtoto asingemtangulia mama. Yaelekea wote wawili wamezaliwa na mama mmoja.

Kuna kitendawili hapa ambacho historia haijakitegua sawasawa. Mwaka 1938 huko Roma, Ugo Cerletti na Lucio Bini walianza kutumia umeme kuleta mshtuko wa makusudi kwa wagonjwa wa akili, na baada ya marekebisho mengi tiba hiyo, siku hizi ikifanywa mtu akiwa amelazwa usingizi, bado ni miongoni mwa tiba zenye nguvu kwa sonona kali. Inagusa vipokezi hivyohivyo vya serotonini. Mshtuko mmoja uliopimwa huinua moyo. Mishtuko isiyopimwa huuangusha. Dawa nayo ina hadithi kama hiyo. Fenfluramini, inayoongeza serotonini, iliuzwa kwa watu waliotaka kupunguza unene hadi ikaondolewa madukani mwaka 1997 kwa kuharibu vali za moyo. Mwaka 2020 ilirudi Marekani kwa dozi ndogo na uangalizi mkali, safari hii ikiwa dawa ya aina moja kali ya kifafa cha watoto.

Fenfluramini haitafika Tunduma kesho. Kilichopo katika zahanati ni fenobabitali, ileile ya mwaka 1912, ileile ya Mahenge, na ingekuwa ukosefu wa shukrani kuisema vibaya, maana imewaondoa maelfu ya watu motoni na majini. Hata hivyo ina kivuli chake: huleta usingizi na uzito, na kwa baadhi ya watu huinamisha moyo zaidi. Ikitokea hivyo, jamaa huona kwamba maanguko yamepungua lakini mtu amezidi kunyamaza, na wengine huamua kwamba dawa imemchukua, wakaiacha. Kuiacha ghafla ni hatari kubwa, maana mishtuko hurudi kwa kufuatana, nao ni ule mlango ambao wagonjwa wengi wa Mahenge walitokea. Lililo sahihi ni kurudi zahanati, kusema juu ya ukimya kama vile mtu anavyosema juu ya maanguko, na dozi au dawa ikabadilishwa polepole.

Kwa miaka mingi madaktari nao waliogopa kumpa mgonjwa wa kifafa dawa za sonona, kwa sababu vikaratasi vyake vilionya kwamba zinaweza kuleta mishtuko. Hofu hiyo ilikuwa na msingi kwa dawa chache za zamani, na kwa dozi kubwa mno. Kwa dawa nyingi zinazotumika sasa, zile zinazobakiza serotonini kati ya seli kwa muda mrefu zaidi, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2007 wa majaribio ya maelfu ya wagonjwa wa sonona ulikuta kwamba waliopewa dawa hizo walipata mishtuko michache kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Fluoksetini ni mojawapo, nayo haina bei ya kutisha. Mgonjwa wa Mbozi huulizwa ameanguka mara ngapi tangu alipokuja mwisho. Swali la pili, kama analala, kama anakula, kama kuna kitu kinachomfurahisha, halihitaji mashine wala umeme.

Na wakati huo nguruwe bado wanazurura. Chanjo ya nguruwe iitwayo TSOL18, pamoja na dawa ya minyoo ya oksifendazoli, zimejaribiwa katika maeneo ya kusini-magharibi mwa Tanzania, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020. Prazikwanteli, wanayopewa watoto wa shule dhidi ya kichocho, huua pia tegu la tumboni. Lakini kwa mtu ambaye tayari ana kifuko ubongoni, dawa za kuua minyoo hazitolewi ovyo bila picha ya CT, kwa kuwa kuviua vifuko vingi kwa mara moja ni kuuwasha ubongo wote. Zilizobaki ni kazi za mikono: banda la nguruwe lenye mlango, choo chenye kufunikwa, maji na sabuni karibu na sufuria, na nyama iliyoiva hadi ndani.